Mtoto wa jirani ametishia kutuchoma tukiwa tumelala: tuanzie wapi?

Mkazi wa Uchochoroni (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu. Naleta jambo hili kwa sababu limeshaugawa mtaa wetu, wapo wanaotaka mtoto apewe kipigo cha kukumbukwa na wapo wanaosema ni utoto tu, utampitia, nami sijaridhika na upande wowote kati ya hizo mbili.

Mtoto mwenyewe ni mvulana wa miaka 11, yuko darasa la nne, na anaishi na bibi yake mzaa baba, nyumba ya pili kutoka kwetu, huku upande wa Temeke ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu akikaanga samaki kwake, nyumba tatu zinajua. Aliletwa na baba yake baada ya wazazi kuachana na mama kuolewa kwingine. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu, na akionekana mtaani ni kwa siku moja au mbili, kisha hayupo tena.

Mwanzoni yalikuwa mambo ambayo hakuna mtaa usiokuwa nayo: kurusha mawe juu ya mabati, kuwanyang'anya wadogo kashata zao, kutukana watu wazima na kukimbia. Baadaye paka wa jirani mmoja akakutwa mfuko wa plastiki umefungwa mkiani na kuwashwa moto, umeyeyuka na kugandamana na manyoya. Watoto wote waliokuwepo walimtaja yeye, naye alipoulizwa hakukana, wala hakuonekana kuona haya. Kisha akamwambia binti yangu wa miaka saba: "Nitawachoma mkiwa mmelala, na mlango nitaufunga kwa nje."

Vitisho vya watoto waliogombana nimevisikia vingi na havikuwahi kunikosesha usingizi. Hiki nilikichukulia tofauti, kwa sababu siku chache kabla ya hapo alikuwa amemuuliza binti huyohuyo analala upande gani wa kitanda na ni dirisha lipi halina nondo, na kwa sababu mlango wetu kweli una pete mbili za kufuli zilizobaki upande wa nje tangu enzi za mpangaji aliyetangulia. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshazisahau pete hizo; yeye alikuwa ameziona. Wiki hiyohiyo mke wangu alikuta nyuma ya tangi letu la maji chupa ya nusu lita yenye mafuta ya taa kiasi cha robo, na pembeni yake njiti za kiberiti zimefungwa pamoja kwa uzi wa kushonea, kwa unadhifu kabisa.

Pete nimeziondoa kwa msumeno siku ileile. Binti yangu haachwi peke yake uani. Kisha nilikwenda kwa bibi, jioni, baada ya swala ya Magharibi, peke yangu, ili asione kama nimemletea baraza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba, karibu. Najua kilichokuleta."

Sikuwa hata nimekaa. Aliniambia kwamba usiku anaweka visu vyote vya jikoni chini ya godoro lake, kwamba mtoto haendi kulala mpaka alfajiri ikaribie, na kwamba mganga mmoja amemwambia mjukuu wake ana jini la kutumwa. Nilipotaja polisi alinishika mkono akasema, "Nakuomba, baba, wasije wakamfunga. Nitamwambia nini mwanangu akirudi safari?"

Hapo ndipo nilipokwama. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wameshasikia habari za chupa, na wanasema wao wenyewe watamnyoosha. Nauliza: jambo la namna hii ni la polisi, la serikali ya mtaa, la hospitali au la familia? Na mtu anayetaka kuwalinda watoto wake bila ya kumwangamiza mtoto wa mwenzake huanzia wapi?

Kijana wa Kijiweni

Kaka, pole sana. Mimi nitasema wazi wanalolisema wengi pembeni. Sisi tulilelewa na mtaa mzima: ukikosea, mzee yeyote anakuchapa, na ukifika nyumbani kushtaki unaongezewa. Leo mtoto anaficha mafuta ya taa nyuma ya nyumba ya mtu na bado tunaambiwa tukae naye chini tuzungumze. Akichoma nyumba yenye watu ndani, hao wanaotetea haki zake watakuja kuzika? Mimi nashauri apelekwe mbele ya wazee wa mtaa, achapwe hadharani, na bibi apewe muda wa kumwondoa.

Mwalimu wa Zamani

Mdogo wangu Kijana wa Kijiweni, hasira yako ina msingi, maana hofu ya moto katika nyumba zilizobanana si mchezo. Ila dawa unayoipendekeza nimeiona ikifanya kazi yake kwa miaka mingi darasani na najua inakofikia. Mtoto mtundu wa kawaida akichapwa hulia, hununa, na kesho anacheza. Mtoto wa aina anayeelezwa hapa hatoi hata chozi. Anakutazama. Atakachojifunza ni kwamba chupa ingefichwa mbali zaidi na kwamba hakupaswa kumwambia yule binti kitu chochote. Mtaa utakuwa umepoteza taarifa pekee uliyokuwa nayo, kwa sababu kitisho alichokitamka ndicho kilichowapa nafasi ya kuchukua hatua kabla ya moto.

Tena kuchapwa hadharani na kundi la vijana si malezi ya mtaa tuliyokulia. Mzee aliyetuchapa alikuwa anamjua baba yako na babu yako, na jioni anakutuma dukani kama kawaida. Vijana wenye hasira wakishaanza kumpiga mtu huwa hakuna anayejua ngumi ya mwisho ni ya nani.

Kuhusu "kumwondoa", jiulizeni anahamishiwa wapi. Mtoto huyu ameshahamishwa mara moja, na mtaa wa pili una watoto wenye umri wa binti wa mleta uzi vilevile.

Ustawi Mstaafu

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri mbalimbali mpaka nilipostaafu, na mashauri ya namna hii yalikuwa yakifika mezani kwetu mara nyingi yakiwa yameshaharibika, ama mtoto ameshapigwa na watu, ama madhara yameshatokea. Mleta uzi amewahi, na nitamjibu kwa urefu kidogo.

Kwanza sheria, kwa kuwa ndiyo inayomtisha bibi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Kanuni ya Adhabu inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati akitenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda vile. Mvulana huyu wa miaka 11 yuko katika ngazi hiyo ya pili. Hata shauri likifika mahakamani, linakwenda Mahakama ya Watoto, ambako kikao ni cha faragha na ofisa ustawi wa jamii anakuwepo, na sheria hiyohiyo imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Kwa hiyo mwambieni bibi kwamba picha aliyonayo ya mjukuu wake kufungiwa na wahalifu wakubwa si picha ya sheria. Lakini msimwambie kwamba hakuna litakalofanyika, kwa sababu hilo pia si kweli.

Pili, mahali pa kuanzia. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa au kwamba mlezi anayeweza kumtunza hamtunzi aitoe taarifa hiyo kwa serikali ya mtaa. Watu husoma kifungu hiki wakidhani kinamhusu mtoto anayepigwa tu. Mtoto asiyelala usiku, anayetesa wanyama na kukusanya mafuta ya taa, na ambaye mlezi wake anamwogopa, ni mtoto anayehitaji ulinzi kama walivyo watoto anaowatishia. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, umwombe akuunganishe na ofisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Maeneo mengi yana kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017. Baadhi zinafanya kazi vizuri, nyingine ni majina ukutani, na utaijua ya kwenu kwa kuuliza mara ya mwisho ilikaa lini. Pia kuna namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Wengi hawajui kwamba mtu mzima naye anaweza kuipiga kwa ajili ya mtoto asiye wake.

Polisi? Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo pa kwenda ikiwa mtoto atakutwa tena na mafuta au silaha, au akimjeruhi mtu. Usimpeleke kaunta ya kawaida ukiwa umemshika shati. Nimeona shauri likifa kwa sababu hiyo tu: mtoto alifika kituoni midomo imepasuka, na mlalamikaji ndiye aliyegeuka kuwa mtuhumiwa.

Tatu, andika. Chukua daftari, uweke tarehe, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, aliyesikia, na kilichoonekana. Usiandike "mtoto huyu ni shetani", andika "alimuuliza binti yangu analala upande gani." Ofisa anayeletewa daftari la namna hiyo hawezi kulijibu kwa "tutaliangalia". Chupa ile na njiti zile usizitupe. Zipige picha, zihifadhi mahali ambapo watoto hawafiki, na picha hizo ziishie kwa ofisa. Ninasisitiza hili la mwisho kwa sababu najua kila mtaa sasa una kundi la WhatsApp. Picha ya mtoto ikishaingia humo na maneno "mchomaji", hata akipona hana mtaa wa kurudi.

Muuguzi wa Zamu

Nitaongezea upande wa afya, kwa kuwa ninafanya kazi katika kitengo cha afya ya akili.

Mleta uzi, ulichokifanya bila kujua jina lake ndicho wataalamu hukifanya. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Virginia kilianza mwaka 2001 kutengeneza utaratibu wa kupima vitisho vya wanafunzi shuleni, na msingi wake ni kutenganisha kitisho cha kupita, ambacho mtoto amekitoa kwa hasira na anaweza kukieleza, kukifuta na kuomba radhi, na kitisho chenye mizizi. Kitisho chenye mizizi huonekana kwa dalili zake: kinarudiwa, kimetaja mtu, mahali na namna, mhusika ameanza kutafuta vifaa au taarifa. Mtoto aliyesema "nitakuua" akiwa amenyang'anywa mpira hana hata moja kati ya hizo. Huyu ameuliza kuhusu kitanda, dirisha na mlango, na ameweka mafuta. Simaanishi kwamba ana hakika ya kutenda. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kuwaambia kwamba mnajitia hofu bure.

Sasa upande wa pili, maana naona utabiri umeshaanza. Kuna imani iliyoenea, na imesaidiwa sana na filamu, kwamba mtoto anayetesa wanyama, anayewasha moto na anayekojoa kitandani atakuja kuwa muuaji. Chanzo chake ni makala ya daktari wa akili J. M. Macdonald ya mwaka 1963, iliyotokana na wagonjwa wachache wa hospitali aliyokuwa akifanyia kazi. Tafiti zilizofuata hazikuiunga mkono kwa namna watu wanavyoisimulia, na kukojoa kitandani hasa hakuna uhusiano huo. Kilichobaki na uzito ni kwamba kutesa wanyama na kuwasha moto mara nyingi huonekana kwa watoto ambao wao wenyewe wametendewa ukatili au wameachwa bila matunzo. Mtafiti Lee Robins, aliyefuatilia watoto wenye tabia mbaya mpaka ukubwani na kuchapisha matokeo mwaka 1966, alikuta kwamba wengi wao hawakuwa wahalifu sugu. Kwa hiyo tabia hizi zichukuliwe kama homa kali: haikuambii ni ugonjwa gani, lakini humwachi mtoto nayo nyumbani.

Kuna mambo ya mwili pia ambayo lazima yaulizwe kabla mtu hajasema neno "tabia". Je, aliwahi kuugua malaria kali mpaka akapoteza fahamu au kupata degedege? Watafiti wa Kilifi na Kampala wameonesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya akili, ya usemi na ya tabia, ambayo familia haiyaunganishi kabisa na ugonjwa ule wa zamani. Aliwahi kuanguka na kuumia kichwa? Ana vipindi vya kukodoa macho na kutosikia anapoitwa, ambavyo vinaweza kuwa kifafa kisichokuwa na mtikisiko? Na huko kutolala mpaka alfajiri ni jambo kubwa mno, msilipite juujuu. Mtoto anayeogopa kulala mara nyingi kuna jambo lililowahi kumpata usiku.

Kuhusu mganga na jini, sitabishana na imani ya bibi, na wala mleta uzi asibishane naye. Kama dua inampa nguvu, asomewe dua, na asubuhi aende hospitali. Ninachokipinga ni matibabu ya kufungwa kamba, kufukizwa moshi ndani ya blanketi au kushindishwa njaa. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili wana idara yao, na kwa Kanda ya Kati ipo Mirembe, Dodoma.

Mama wa Mwembeni

Nimesoma uzi huu kwa uzito ambao labda wengine hamtauelewa, kwa sababu mimi ni mama wa mtoto wa namna hiyo.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka tisa alipoanza. Alimkaba mdogo wake kwa kamba ya pazia, akasema wazi kwamba anataka aone akifa. Sikumwambia mtu. Majirani walijua, kwa sababu kuta zetu hazifichi kitu, na wakaanza kuwaita watoto wao ndani kila sisi tunapofungua mlango. Siwalaumu, ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo. Lakini naomba mjue jinsi inavyokuwa ukiwa upande huu. Unamwogopa mtoto uliyemzaa, na huna wa kumwambia, kwa sababu ukisema tu, utaulizwa ulimlea vipi. Bibi kuficha visu chini ya godoro nimemwelewa kabisa. Mimi nilikuwa navifunga kwenye khanga na kwenda navyo chooni.

Aliyetuokoa ni jirani ambaye hatukuwa hata marafiki. Alikuja akasema: "Dada, watoto wangu nimewakataza kucheza na mwanao kwa sasa, na nimeona nikwambie mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Lakini hospitali nitakusindikiza, na huyu mdogo abaki kwangu siku hiyo." Alisema yote mawili kwa pumzi moja. Alinitenga na akanisaidia. Mpaka leo sijasikia mtu mwingine akifanya hivyo vizuri kama yeye.

Kilichogundulika sitakieleza kwa undani kwa heshima ya mwanangu. Itoshe kusema kwamba mtu mzima tuliyemwamini, aliyekuwa akimfundisha masomo ya ziada, alikuwa akimfanyia ukatili kwa muda mrefu, na mtoto alikuwa ameambiwa kwamba akisema, nyumba yetu itachomwa na sisi sote tutakufa. Kwa hiyo mleta uzi, niliposoma maneno "nitawachoma mkiwa mmelala" niliacha kusoma kwanza nikainuka. Simjui mtoto huyo, na huenda kwake ni jambo jingine kabisa. Ila swali la nani alimfundisha sentensi hiyo lazima liulizwe, na liulizwe na mtu aliyefunzwa kuuliza, si na wewe, wala mimi, wala bibi mbele ya wajomba.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi na mvulana mmoja katika kila saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana mmoja katika saba. Nilipouona mwaka ulipochapishwa, nilipita nao kama takwimu nyingine.

Mwanangu sasa ni kijana. Bado ana siku mbaya, na kuna mambo baina yake na mdogo wake ambayo hayajarudi na huenda yasirudi. Sitawadanganya kwamba ilikuwa dawa ya wiki mbili.

Kijana wa Kijiweni

Mama, nimekusoma, na pole sana. Hilo la "nani alimfundisha" sikuwa nimelifikiria. Lakini bado nauliza swali langu, na naomba nisionekane mkaidi: wakati ofisa anasubiriwa na hospitali inasubiriwa, usiku wa leo nani analinda ile nyumba?

Mswahili wa Kisauni

Hilo ni swali la haki, na ndilo linalosahaulika. Huku kwetu Mombasa tulikuwa na shauri la kukaribiana na hili. Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai hadi miaka 12, hivyo polisi walituambia mapema kwamba mtoto wa miaka kumi hawamshtaki, na tukabaki na kesha zetu. Tulilolifanya ni kukubaliana, pamoja na familia, zamu za watu wazima watatu waliozoeana na mtoto, mmoja wao shangazi yake, kuhakikisha kwamba kuanzia Isha hatoki peke yake. Mafuta ya taa, petroli ya bodaboda na viberiti vikaondolewa barazani kwa nyumba zote za jirani, na mwenye duka akaombwa asimuuzie. Kazi hiyo haikumhitaji ofisa yeyote. Chifu na ofisa wa watoto walikuja baadaye wakaikuta inaendelea. Namba 116 inafanya kazi Kenya pia.

Mkazi wa Uchochoroni (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na narudi na taarifa.

Mtendaji wa mtaa siku ya kwanza aliniambia hayo ni mambo ya kifamilia, tuyamalize wenyewe. Niliporudi na daftari pamoja na picha ya chupa alinyamaza, akasoma ukurasa wote, kisha akampigia ofisa ustawi nikiwa palepale. Ofisa amekuja, dada mmoja mtulivu, akakaa na bibi kwanza kwa muda mrefu, kisha na mtoto peke yake. Alichozungumza naye hakutuambia, na nadhani ni sawa. Alichotuambia ni kwamba mtoto anapaswa kuonwa hospitali, kwamba baba ameitwa na amepewa siku ya kufika, na kwamba hadi hapo asilazwe chumba kimoja na binamu yake mdogo.

Bibi, alipoulizwa kuhusu malaria, alisema hajui lolote la kabla ya mtoto kuletwa kwake. Mama yake ndiye anayejua, na namba ya mama hakuna anayetaka kuitoa. Ofisa anaitafuta.

Vijana wa kijiwe nimezungumza nao mimi na mzee wa msikiti. Wawili kati yao, nisiwafiche, wamegeuka kuwa msaada: ndio waliotoa madumu ya petroli barazani na kuyafungia. Mmoja amekuwa akimpakia mtoto huyo na kumfikisha shuleni, na anasema njiani mtoto haongei, ila amewahi kumuuliza kama pikipiki inaweza kufika Kahama.

Mke wangu bado anataka tuhame, na simpingi. Binti yangu ameniuliza kama amekosea kusema. Nimemwambia hapana, na kwamba akisikia lolote tena aje aseme vilevile.

Nina maswali mawili ya kiutendaji. Siku ya kwenda hospitali bibi aende na nini? Na baba akija na kusema anamchukua mtoto safarini ili "amnyooshe" mwenyewe, tunaweza kuzuia?

Ustawi Mstaafu

Swali la pili kwanza, kwa kuwa ndilo la haraka. Wewe kama jirani huna mamlaka ya kumzuia baba asimchukue mwanawe, na usijaribu kusimama mlangoni. Lakini shauri limeshafunguliwa, kwa hiyo mjulishe ofisa leo, kabla baba hajafika, kwamba kuna uwezekano huo. Yeye anaweza kuketi na baba, na akiona mtoto yuko hatarini sheria inampa njia ya kuomba amri ya mahakama. Hapo usizungumze na baba kwa niaba ya ofisa. Mpokee kama jirani, mwambie ulichokiona, mpe pole ya safari. Huenda naye ana jambo analolijua ambalo hajawahi kuulizwa. Na hilo la Kahama mwambieni ofisa kama lilivyosemwa. Kama mama yuko huko, atakuwa amepata pa kuanzia kutafuta.

Kuhusu hospitali, bibi abebe barua ya rufaa ya ofisa ustawi au ya kituo cha afya cha kata, kadi ya kliniki ya utotoni kama ipo, madaftari ya shule ya mwaka huu na wa jana ili daktari aone kama uwezo wake umeshuka, na nakala ya kurasa za daftari lako. Ofisa aandike pia barua ya msamaha wa gharama, kwani bibi huyu ni mlezi asiye na kipato, na barua hiyo iombwe sasa, si dirishani siku yenyewe. Mtu mmoja amsindikize, ikiwezekana yule kijana wa bodaboda, kwa sababu mtoto ameshamzoea. Wafike mapema asubuhi, mtoto akiwa amekunywa chai, na aambiwe kweli anakokwenda: kwa daktari, kwa sababu hapati usingizi usiku.